Yoti iliyoundwa kwa oda na yoti iliyopambwa kwa oda

Msomaji anayesimamia ununuzi kwa niaba ya mwajiri wake ameuliza hivi: "Tajiri wangu anataka yoti ya mita 50 hivi. Karakana mbili zimetuletea mapendekezo, na zote zinasema chombo chao ni cha oda kabisa. Ya kwanza itakabidhi baada ya miezi 16: tutachagua mbao, mawe na fanicha, na kuta za vyumba tutazihamisha tupendavyo. Ya pili inataka miaka mitatu na nusu, tena inadai malipo ya usanifu kabla ya kutaja bei ya mwisho. Tajiri husafiri na mama yake anayetumia kiti cha magurudumu, na hupenda kutia nanga sehemu za mbali kwa wiki nyingi. Nitajuaje ipi ni ya oda kweli?"

Ndugu yangu, Kiswahili chenyewe kimekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Chombo cha baharini huundwa, nyumba hupambwa. Waulize wote wawili swali moja tu: hiki mnachotuuzia kinaundwa kwa ajili yetu, au kimeundwa kwa ajili ya mtu yeyote kisha kitapambwa kwa ajili yetu?

Karakana ya kwanza, kwa miezi 16 hiyo, inawauzia kilichoundwa kwa ajili ya yeyote, kisha kitapambwa. Nalisema hilo kabla ya kuona michoro yao, kwa kuhesabu muda tu. Yoti ya mita 50 inayoanzia kwenye karatasi tupu inahitaji miezi mingi ya usanifu na uhandisi kabla bamba la kwanza halijakatwa. Baada ya hapo kuna kuchomelea, kupitisha mabomba na nyaya, kupaka rangi, kujenga ndani, kukishua chombo majini na kukifanyia majaribio baharini. Yote hayo hayaingii katika miezi 16. Kwa hiyo bodi lao, yaani mwili wa chombo, ama limekwisha kuchomelewa, ama michoro yake imekamilika na ndugu zake, vyombo vya michoro hiyohiyo, wanaelea tayari. Huo si ulaghai, na baadaye nitakueleza kwa nini huenda ndicho kinachowafaa. Lakini kukiita cha oda kabisa ni kulinyoosha neno kupita kiasi.

Katika biashara hii kuna ngazi tatu. Kuna yoti za mfululizo, zinazofanana bodi, mitambo na mpangilio. Kuna za nusu oda, ambazo bodi na chumba cha mitambo vimefungwa ila ndani kuna uhuru, pengine mkubwa. Na kuna za oda, ambazo hakuna kilichoamuliwa kabla ya mwenye chombo kueleza atakavyoishi ndani yake. Mpaka kati ya ngazi ya pili na ya tatu ndio unaofichwa na matangazo. Mimi huupima kwa njia moja: siku ya kutia sahihi, ni maamuzi gani yangali wazi? Vitambaa havihesabiki. Nazungumzia maamuzi yaliyo chini ya rangi na nyuma ya mbao.

La kwanza ni umbo la bodi lenyewe. Chombo kinachokata maji bila kupanda juu yake kina mwendo wa asili unaotokana na urefu wake kwenye mstari wa maji. Chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, ukizidishe kwa 2.43, utapata mwendo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Yoti yenu ikiwa na mita 44 kwenye mstari wa maji, jibu ni karibu noti 16. Ukisogelea hapo, kila noti ya ziada ni ghali, kwa sababu nguvu inayohitajika hupanda takriban kwa mchemraba wa mwendo. Kutoka noti 14 kwenda 16 kunadai nguvu karibu nusu tena ya ile ya mwanzo, na kwa vitendo mara nyingi zaidi ya hapo. Nguvu ni injini kubwa, injini kubwa ni mafuta mengi, mafuta mengi ni matangi yanayokula nafasi ya vyumba. Sasa tajiri wenu anayekaa nangani wiki nyingi ana haja gani na noti 16? Msanifu wa chombo cha oda angemuuliza hilo siku ya kwanza. Akijibu kuwa noti 12 zinamtosha, basi bodi linachorwa kwa ajili ya noti 12, kisha linajaribiwa kwa programu za kompyuta au kwa mfano mdogo ndani ya hodhi, kama mahodhi ya taasisi ya MARIN kule Wageningen, Uholanzi. Mwenye bodi la mfululizo hawezi kuuliza swali hilo, kwani jibu lake limekwisha kuchomelewa.

Mifano mikubwa inalionyesha hili vizuri kuliko midogo. Azzam, yoti ya mita 180.6 iliyokabidhiwa na karakana ya Lürssen ya Ujerumani mwaka 2013, ilitakiwa kupita noti 30, mwendo wa ajabu kwa urefu ule. Takwa hilo peke yake ndilo lililoleta injini za tabo la gesi (gas turbine) kando ya zile za dizeli, na likaamua chombo kizima kitakavyokuwa. Savannah ya Feadship ya Uholanzi, mita 83.5, mwaka 2015, ilikwenda upande mwingine. Mwenyewe alitaka kupunguza mafuta, ikachaguliwa injini moja kuu ya dizeli ikisaidiwa na umeme wa jenereta na betri, na bodi jembamba likachorwa kulingana na mfumo huo. Maltese Falcon, yoti ya matanga ya mwaka 2006, yenye milingoti mitatu ya nyuzi za kaboni inayozunguka bila kamba za kuishikilia, ilibidi iimarishwe ndani kwa kuifuata milingoti hiyo, maana nguvu zote za matanga zinashuka kwenye mwili wa chombo kupitia milingoti yenyewe. Katika vyombo vyote vitatu takwa la mtu mmoja lilifika hadi kwenye mifupa. Hicho ndicho kipimo changu, na urefu au bei haviingii humo.

Sasa nije kwenye namba ambayo watu wengi huipita bila kuitazama: tani jumla, zinazoandikwa GT. Usidanganyike na neno tani, hapa hakuna uzito. Ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya chombo, kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969 uliofanya kazi kuanzia 1982. Mita za ujazo 1,880 hivi zinatoa GT 499. Ukifika 500, mzigo wa kanuni za usalama, moto, vifaa na uendeshaji unaruka ngazi nzima. Ndiyo maana yoti nyingi za karibu mita 50 zimebanwa zisimame kwenye 499. Bodi la mfululizo huwa limekwisha kula karibu kila mita ya ujazo iliyoruhusiwa. Wakikuahidi kuwa mtaongeza sebule yenye vioo kwenye sitaha ya juu, waulize GT itakuwa ngapi baada ya hapo, na jibu walitoe kwa maandishi. Mara nyingi ndipo sauti zinaposhuka mezani. Karakana ya oda inapaswa kuwaletea uamuzi huo mapema na waziwazi: tubaki chini ya 500, au tuvuke kwa kujua tunachokipata na tunachokilipia?

Uzito nao una hadithi yake. Niliwahi kuitwa kukagua yoti ya mfululizo ambayo mwenyewe aliongezewa bwawa la kuogelea kwenye sitaha ya juu, na sakafu za mawe mazito sitaha mbili. Karakana ilikubali kila ombi kwa furaha. Jaribio la kuinamisha lilipofanyika, lile la kuhamisha uzito unaojulikana kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine na kupima chombo kimelala kiasi gani, kitovu cha uzito kilionekana kimepanda kuliko ilivyotarajiwa. Dawa ikawa farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, ya madini ya risasi chini kabisa. Chombo kikazama zaidi majini, mwendo ukapungua, na umbali wa safari kwa tangi moja ukapungua pia. Hakuna aliyekosea katika kupamba. Kosa ni kwamba hakuna aliyekuwa na haki ya kulirekebisha bodi ili libebe mapambo yale. Ilinisikitisha, kwani mwenyewe alikuwa ameeleza anachokitaka tangu siku ya kwanza.

Ufanye hesabu hii uione. Jiwe la marumaru lenye unene wa milimita 20 lina kilo 54 kwa kila mita ya mraba. Mita za mraba 100 ni zaidi ya tani tano, zimekaa juu. Ndiyo maana mafundi wazuri hukata jiwe liwe jembamba sana na kuligandisha kwenye bamba jepesi la alumini lenye vitundu kama sega la nyuki. Na ndiyo maana yoti nyingi kubwa zina bodi la chuma na sehemu ya juu ya alumini: mita ya ujazo ya chuma ina tani 7.85, ya alumini 2.7. Omba kuona taarifa ya uzito ya chombo, na uulize husasishwa mara ngapi wakati wa uundaji. Karakana inayojua kazi yake inayo, na haitaona haya kukuonyesha.

Nimefika kwa mama, na hapa naomba utulie nami kidogo, kwa sababu katika barua yako yote yeye ndiye atakayeamua.

Watu hudhani kiti cha magurudumu ni suala la lifti. Lifti ni mwanzo tu. Milango inayotoka nje sitahani ina vizingiti ambavyo kimo chake cha chini kinatakiwa na kanuni, ili maji yakipanda sitaha yasimiminike ndani. Kizingiti hicho ni ukuta kwa mtu aliye kwenye kiti. Zipo njia za kukiondoa, kama vile mfereji wenye wavu chini ya mlango, wenye mabomba ya kutosha ya kutoa maji, pamoja na mlango unaojifunga kwa kubana pande zote. Lakini mfereji unahitaji kina, kina kinaikata sitaha, na kukatwa kwa sitaha kunahitaji kibali cha taasisi ya uainishaji, inayokagua uimara wa vyombo, na cha nchi ya bendera, kule chombo kinakosajiliwa. Hilo hujadiliwa wakati mchoro ungali wino. Halafu kuna sehemu ya kugeuzia kiti, mduara wa karibu mita 1.5, na yoti ya mita 50 haina mita nyingi za kuchezea kwa upana. Ukiupanua ukumbi mdogo mbele ya lifti, umekipunguza chumba. Ukikipunguza chumba, bomba la hewa linahama. Kisha njia ya kukimbilia dharura ikitokea: lifti haitumiki wakati wa moto, kwa hiyo chumba cha mama kiwe kwenye sitaha ambayo anaweza kufika kwenye mahali pa kuokolewa bila ngazi. Na kupanda chomboni kutoka kwenye boti ndogo nako kunataka jukwaa la nyuma linaloshuka hadi usawa wa maji, na njia ya kufika kwenye lifti bila ngazi hata moja.

Kila kimoja cha hivyo kinawezekana. Kuvipata vyote pamoja katika bodi lililofungwa ni bahati, na bahati haiandikwi kwenye mkataba. Wale wa miezi 16 wanaposema mtahamisha kuta, waambie sawa, na shimo la lifti nalo je? Nguzo zinazobeba sitaha ya juu? Ngazi? Kuta zinazohamishika ni zile zisizobeba kitu. Mifupa haihami.

Kuhusu kukaa nangani wiki nyingi, mambo yapo matatu hivi na yote yamo chini ya sakafu. Mapezi ya kutuliza mtikisiko yanayotegemea mwendo hayafanyi kazi chombo kikiwa kimesimama. Yanatakiwa makubwa zaidi yanayopiga maji yenyewe, au gurudumu zito linalozunguka ndani, na vyote vinadai nafasi na nguvu ya mwili wa chombo. Kwa mtu anayeketi kwenye kiti chenye magurudumu, mtikisiko si kero ndogo. Pili ni jenereta. Usiku kucha nangani ndizo zinazosikika, na sikio huhisi sauti imekuwa maradufu kila desibeli 10 zinapoongezeka. Chombo cha oda kinaweza kuziweka mbali na vyumba, juu ya tabaka mbili za mpira badala ya moja, au kuwa na betri za kuzima kila kitu kwa saa kadhaa. Katika bodi lililofungwa utaongezewa vizuia sauti, basi. Tatu ni maghala: chakula kikavu, majokofu, takataka zinazosubiri bandari wiki tatu, mtambo wa kutengeneza maji matamu na wa pili wake wa akiba. Hakuna anayepiga picha ghala la takataka, ila safari ndefu huishia hapo linapojaa.

Mabaharia nao wana haki zao. Mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, uliofanya kazi tangu Agosti 2013, umeweka viwango vya vyumba vyao. Tazama kwenye mchoro njia ya chakula kutoka jikoni hadi mezani, na ya nguo kutoka vyumbani hadi dobi. Zikikatiza katikati ya sebule ya wageni, mpangilio huo haukufikiriwa vya kutosha, hata ukiitwa wa oda mara mia.

Jambo moja la kiufundi litakusaidia kuigundua asili ya bodi haraka. Chuma na alumini hukatwa bamba kwa bamba na kompyuta, kwa hiyo bodi moja la pekee haligharimu ajabu zaidi ya bodi la pili linalofanana nalo. Faiba ni kinyume chake: huhitaji kalibu, na kalibu la mita 40 ni ghali kiasi kwamba hakuna anayelitengeneza atumie mara moja tu bila sababu nzito. Kwa hiyo bodi la faiba likiitwa la pekee, uliza kalibu lilitoka wapi na limetoa ngapi kabla yenu. Zipo za pekee kweli, hasa boti za matanga za mashindano, ila ni haki yako kuuliza. Uliza pia mchoro wa chumba cha mitambo ni wa mwaka gani. Tangu 2021, hata yoti mpya za chini ya GT 500 zenye urefu wa kisheria wa mita 24 na kuendelea hubanwa na kanuni kali za moshi katika maeneo kama Bahari ya Kaskazini, Baltiki na pwani za Marekani. Vichujio vyake ni masanduku makubwa yenye tangi lake la urea. Chumba kilichochorwa kabla ya kanuni hiyo hubanwa ili vipenye, na fundi wa injini ndiye atakayelipia kwa magoti yake.

Sasa nitimize ahadi yangu ya kuitetea nusu oda. Chombo cha kwanza cha aina yake hubeba makosa ya kwanza. Bomba linalogonga, mlango unaokwama baharini, kona yenye harufu: ndugu wa tano katika mfululizo amekwisha kuponywa hayo yote. Unapanda ndugu yake, unaenda naye baharini, unasikia kelele zake kwa masikio yako kabla ya kulipa. Bei inajulikana mapema, na kuuza baadaye ni rahisi zaidi, kwa sababu mnunuzi ajaye hahitaji kuishi kama wewe. Tajiri wenu angekuwa mtu wa wiki mbili za kiangazi na marafiki wanaotembea kwa miguu yao, ningemwambia achukue ya miezi 16 bila kusita, na fedha inayobaki aiweke kwenye matengenezo.

Lakini maisha yake si hayo. Mahitaji yake mawili makubwa, mama na nanga, yote yanafika kwenye mifupa. Kwa hiyo naegemea ya pili, na yale malipo ya usanifu yaliyokutia wasiwasi ndiyo dalili nzuri kuliko zote ulizonieleza. Anayetaja bei ya mwisho kabla ya kuchora anajua tayari atakachowauzia. Hata hivyo msisaini lolote kwa imani. Mkataba utaje kwa tarakimu mwendo, umbali wa safari kwa noti 12, GT, desibeli katika chumba cha mama chombo kikiwa nangani usiku, na kinachotokea namba zisipofikiwa, pamoja na haki ya kukikataa chombo zikikosewa sana. Utaje michoro ni mali ya nani, na kama karakana inaweza kuunda ndugu wa chombo chenu kesho yake. Utaje kila badiliko linaidhinishwaje na linaongeza siku ngapi. Muwe na mwakilishi wenu anayekaa karakanani, asiyelipwa na karakana.

Na katika awamu ya usanifu, kabla bamba lolote halijakatwa, dai wajenge kwa mbao za kawaida, ndani ya ghala, mfano wa ukubwa kamili wa chumba cha mama, choo chake, mlango wa lifti na ule mlango wa kutokea sitahani. Mpelekeni mwenyewe na kiti chake. Aingie, ageuke, afikie bomba la maji, afungue mlango bila kusaidiwa, na mwandishi wao awe pembeni akiandika kila anachosema.